Siku Tisa za Kwenda Kumwekea Bibi Msalaba

Nimerudi Dar es Salaam wiki mbili zilizopita na sasa ndio nimepata nafasi ya kukaa na picha za simu, risiti na yale niliyokuwa nayaandika usiku. Bibi yangu mzaa baba alifariki Januari mwaka huu wa 2025, akiwa na miaka 92, nyumbani kwake upande wa Kamachumu, wilaya ya Muleba. Mazishi yalinipita nikiwa nimelazwa. Familia ilipokubaliana kwamba kaburi lisakafiwe na msalaba usimikwe tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, niliomba kazi moja tu: kibao cha jina lake nitakileta mimi.

Jumapili, 10 Agosti. Dar – Dodoma

Kibao ni cha marumaru nyeusi, kilo kumi na moja, kilichongwa na fundi wa Kariakoo kwa shilingi 120,000. Nilikizungushia blanketi na kukifunga kamba ya katani. Stesheni ya SGR, ile treni ya umeme, mizigo yote inapita kwenye mashine, na mlinzi aliponiuliza ndani kuna nini nilimjibu, "Kaburi la bibi yangu." Alinyamaza kidogo, akasema, "Pole sana ndugu," akakibeba mwenyewe hadi upande wa pili wa mashine.

Nauli ya treni ya kawaida hadi Dodoma ni 31,000. Tiketi inakatwa kwa namba ya kitambulisho, na siku ya safari njoo nacho mkononi. Fika mapema, maana mlango ukifungwa umefungwa. Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia, na hilo ndilo jema lake: saa nne pungufu, umeketi vizuri, umeona milima ya Morogoro ikipita dirishani. Bibi alipokuja Dar mara ya mwisho, mwaka 1999, alikaa barabarani siku tatu.

Nililala gesti karibu na stendi ya Nanenane, 25,000 pamoja na maji ya moto.

Jumatatu, 11 Agosti. Dodoma – Mwanza

Basi liliondoka saa 12:30 asubuhi. Kondakta alitaka kibao kiende buti, chini ya magunia, nikakataa, tukavutana. Mama mmoja wa kiti cha mbele akasogeza miguu yake na kusema kiwekwe pale. Alisafiri hivyo hadi Shinyanga, magoti yamekunjwa, na kila nilipomwomba radhi alinijibu, "Mwache mwenzio apumzike."

Singida tulisimama dakika ishirini. Kuku wa kienyeji robo na ugali 8,000. Ukipita pale nunua kuku kabla ya soda, foleni ya kuku ndiyo ndefu.

Mbele ya Nzega mkanda wa injini ulikatika. Tulikaa chini ya mwembe mmoja, abiria hamsini na kitu, kuanzia saa 9 alasiri hadi giza linaingia. Fundi alitumwa kwa bodaboda, akarudi na mkanda usio wenyewe, akatumwa tena. Kutoka kwenye nyumba iliyokuwa ng'ambo ya barabara alikuja bibi wa Kisukuma na mjukuu wake, wamebeba ndoo ya maji na ungo wa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kukaushwa. Alianzia kwa wenye watoto. Nilipomtolea noti ya elfu tano alirudisha mkono nyuma, akasema neno kwa Kisukuma, mjukuu akatafsiri: "Anasema njaa ya njiani haiuzwi." Nililiandika neno hilo kwenye simu palepale. Bibi yangu angeelewana sana na yule mama.

Nyegezi tulifika saa 5 usiku.

Jumanne, 12 Agosti. Mwanza na usiku wa ziwani

Asubuhi nilikwenda bandarini kukata tiketi. Meli ya New Victoria Hapa Kazi Tu haiendi Bukoba kila siku, kwa hiyo piga simu au tuma mtu aulize kabla hujapanga safari yako. Ni Victoria ileile ya miaka ya sitini, ilikarabatiwa ikarudi majini mwaka 2020. Inabeba abiria 1,200. Kama unakwenda Kamachumu au Muleba si lazima ufike Bukoba mjini, unaweza kushuka Kemondo, ni karibu zaidi. Mimi nilikata ya Bukoba kwa sababu nitakayoieleza.

Mchana nilipanda daladala hadi Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Watu zaidi ya mia nane walifariki asubuhi ile, meli ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika Mwanza. Mmoja wao alikuwa mwenzake Bibi katika WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, mwanamke waliyekuwa wanafua pamoja vitambaa vya altare kila Ijumaa. Mwili haukuonekana. Kwa miaka yote iliyofuata, kila tarehe 21 Mei Bibi alisali rozari nzima mafungu yote akiwa amepiga magoti, na sisi watoto tukiwa likizo tulipigishwa magoti pamoja naye. Nilikuwa nachukia siku ile. Igoma nilisali fungu moja nimesimama, jua kali, na mlinzi wa makaburi akaja kusimama nami bila kuniuliza chochote.

Meli iling'oa nanga saa 3 usiku. Daraja la tatu, viti vimejaa, mikungu na magodoro kila mahali. Jirani yangu alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mfanyabiashara wa dagaa, anarudi Kemondo alikoolewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kwenu wapi?"

"Kamachumu."

"Kamachumu kwa nani? Mimi nimezaliwa kulekule."

Nikamtajia jina la Bibi na kigango chetu, kanisa letu dogo chini ya parokia. Akaweka chini kikombe cha chai.

"Yule wa mifuko?"

Sikumwelewa. Ndipo akanisimulia, na nitajaribu kuandika kama alivyosema.

Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, na Ndolage ni hapohapo Kamachumu. Kabla haujapata jina la hospitali, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha fahari kilichokuwa kikivushwa kutoka Uganda, kwa kuwa walioanza kuugua walikuwa wafanyabiashara na waliovaa nguo hizo. Dawa hazikuwepo. ARV za bure zilikuja mwaka 2004, miaka ishirini na moja baadaye. Katikati hapo watu walifia vyumbani.

Mama yake alianza kuugua mwaka 1992. "Majirani walikuwa wanaacha chakula kwenye mgomba wa mpakani, sisi tunakwenda kukichukua," aliniambia. "Mjomba wangu alikuwa anaongea na mama akiwa uani, dirisha limefungwa. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa na miaka kumi na saba, nikawa siwezi kumwinua peke yangu. Siku moja akaja bibi yako, na kanga kiunoni, na mkono wake huu na huu amevaa mifuko ya rambo, ile ya plastiki, amefunga hapa kwa ukambaa wa mgomba." Akanishika kiwiko kunionyesha mahali ilipofungwa. "Akasema, nipashie maji. Akamwogesha mama yangu mwili mzima, na vidonda, na nywele. Akamaliza akavua ile mifuko, akaifua na sabuni, akaiweka kapuni. Akasema kesho narudi. Akarudi miezi mitano."

Nilitoka nikaenda kusimama ubavuni mwa meli.

Nyuma ya jiko la Bibi kulikuwa na waya uliofungwa kutoka mparachichi hadi kwenye nguzo ya banda la mbuzi. Juu yake kila siku ilining'inia mifuko ya rambo, imegeuzwa ndani nje, inachuruzika maji. Tulidhani ni ubahili wa wazee. Alikuwa akiwaagiza watu wanaotoka Dar wamletee rambo, wengine wakimletea sukari na sabuni anashukuru kisha anauliza, "Na mifuko?" Binamu yangu mmoja aliwahi kuchapwa kwa kuchukua miwili kutengenezea mpira. Kipigo chenyewe kilikuwa kikali, na Bibi hakuwa mchapaji. Miaka thelathini na zaidi nimekuwa na waya ule kichwani bila kujua ni wa nini.

Na yeye hakusema. Nyumbani tulijua tu kwamba mchana "anatembelea wagonjwa," kama akina mama wote wa jumuiya.

Jumatano, 13 Agosti. Bukoba

Kemondo tulifika alfajiri. Mama wa dagaa alishuka na magunia yake, akaniuliza misa ni saa ngapi Ijumaa. Bukoba mjini tukafika kumepambazuka, ukungu umelala juu ya maji.

Sababu ya kwenda Bukoba ni kaburi la Laurean Kardinali Rugambwa. Alizaliwa Bukongo, upande wetu wa Kamachumu, mwaka 1912, na mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali wa kwanza Mwafrika. Bibi alikuwa na miaka 28 na mtoto wa pili mgongoni, naye ndiye baba yangu. Walitembea kwa miguu siku mbili, kundi la wanawake wa kigango, kwenda kumpokea. Hiyo ndiyo safari aliyopenda kuisimulia kuliko zote: walilala wapi, nani aliwapa ndizi, mvua iliwakuta wapi. Kuhusu kardinali mwenyewe alikuwa na sentensi moja tu, kwamba alimwona mkono.

Kardinali alifariki Desemba 1997, akazikwa kwanza Kashozi, na Oktoba 2012 mwili ukahamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba. Bibi alitaka sana kwenda siku ile lakini magoti yalishakataa. Nilikaa mbele ya kaburi lile na kibao changu miguuni kwa kama saa nzima. Mhudumu wa kanisa, mzee wa makamo, aliuliza kama kinahitaji kubarikiwa, nikamwambia paroko wetu atakibariki Ijumaa. Akafungua blanketi kidogo, akasoma jina na miaka, akasema, "Huyu ameona Misa ya Kilatini." Kweli. Baba Yetu kwa Kilatini aliijua hadi mwisho, na alipokuwa amechoka sana ndiyo ilikuwa inamtoka.

Chumba 30,000. Jioni sato wa kuchoma na ndizi 12,000, nikala ufukweni.

Alhamisi, 14 Agosti. Bukoba – Kamachumu

Haisi kutoka stendi, 6,000. Inajaa ndipo inaondoka, jipangie saa moja ya kusubiri. Ukishapita Muhutwe barabara inaanza kupanda, ziwa linabaki nyuma yako, na hewa inabadilika kabisa, chukua sweta. Nilimalizia kwa bodaboda, kibao katikati yangu na dereva. Dereva, kijana, alikwenda taratibu kama amebeba mayai, na nilipolipa alirudisha nusu. "Bibi huyo alinifundisha Komunyo ya kwanza."

Nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi sebuleni, harufu yake ndiyo harufu ya likizo zangu zote. Shangazi alinipokea na kikapu kidogo cha buni za kutafuna, kama mgeni. Nikachukua mbili. Kisha tukalia, na tulipomaliza tukaenda kibanjani kuona kaburi. Liko kati ya migomba, hatua chache kutoka kwa Babu. Mafundi walikuwa wanamaliza sakafu.

Usiku, ndizi na maharage, wajukuu kumi na saba chini kwenye nyasi. Nikawasimulia habari ya mama wa dagaa. Wengi walishangaa kama mimi. Shangazi hakushangaa.

"Mlikuwa wadogo," alisema. "Na wazee walimkataza. Babu yenu alimkataza. Alimwambia utatuletea humu ndani. Walikaa mwezi mzima hawasemezani."

Nimeliweka hili kwa sababu kwenye mazishi, nilivyosikiliza rekodi, kila aliyesimama alimsifu Bibi kwa upole. Hakuwa mpole hivyo. Alikuwa na neno kali, alikufinya kanisani ukisinzia, na jirani mmoja waliyegombana mpaka wa shamba hawakupeana mkono hadi Pasaka moja ya miaka ya tisini, wakati mume wa jirani alipougua naye ikabidi Bibi aingie mle ndani na mifuko yake. Babu alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na haki, glovu hazikuwepo na hakuna aliyejua vizuri. Bibi naye alikuwa na hofu. Shangazi anasema kila aliporudi alisimama nje akijimwagia maji ya chumvi mikono yote hadi mabegani, akisali kwa sauti, ndipo anaingia.

Ijumaa, 15 Agosti. Misa

Misa ilikuwa saa 4 asubuhi kigangoni, kisha maandamano hadi kibanjani. WAWATA walikuja na sare, kitenge chenye Bikira Maria, wengine wazee sana, wanashikana mikono njiani. Umoja huo ulianzishwa mwaka 1972 na Bibi alikuwa katika wale wa kwanza hapa kwetu. Alifagia kanisa hili, alifua vitambaa vya altare, alikusanya maharage ya kuwapelekea waliokimbia vita mwaka 1978 Amin alipovuka mpaka. Hakuwahi kulipwa, na hakuwahi kushika cheo zaidi ya mweka hazina, ambacho alikiacha kwa kuwa hesabu zilimsumbua.

Paroko alibariki msalaba, akanyunyizia kibao. Fundi alikiweka juu ya simenti mbichi na kukigonga kwa mpini wa nyundo, polepole, pembe kwa pembe. Tukasali: raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie.

Mama wa dagaa alikuja. Alikuwa amepanda gari saa 11 alfajiri, na debe moja la dagaa kwa ajili ya chakula cha watu. Wakati wa kuweka mashada, alipita mbele ya kaburi, akavua viatu, akapiga magoti kwenye udongo, akafungua ukambaa wa mgomba aliokuja nao mkononi na kuufunga kwenye mkono wa msalaba. Watu wengi hawakuelewa. Shangazi alielewa, akaanza kuimba, sauti ikamkatikia, akina mama wakaipokea.

Kama unakwenda kwenye shughuli kama hii, kumbuka mchango wa nia ya Misa na sadaka ya kigango mapema, na uulize jumuiya wanahitaji nini. Sisi tulitoa mchele na mafuta, wao wakaleta ndizi mikungu ishirini na sita, kuni, na mikono ya kupika.

Jumamosi na Jumapili, 16 na 17 Agosti

Kugawa vitu vya Bibi. Rozari nne. Mimi nilipewa ile ya mbegu, msalaba wake umelika upande mmoja. Kwenye sanduku la chuma, chini ya sare ya WAWATA, kulikuwa na karatasi ya nailoni ya kutandika mgonjwa, imekunjwa vizuri, na beseni la bati. Mifuko haikuwepo hata mmoja. Ilipopigwa marufuku Juni 2019, Shangazi anasema, Bibi aliikusanya yote akaipeleka kwa mtendaji mwenyewe, kwa mkongojo. Sheria ni sheria.

Waya bado upo. Ulikuwa na vitambaa vya altare.

Jumapili mchana Shangazi alitoka na beseni lile. Nilimwuliza anakwenda wapi, akaniambia kuna mzee amepooza nyumba ya tatu, hana mtu wa kumgeuza. Nilikwenda naye. Nilishika mabega, yeye akamwogesha mgongo, na kwenye mikono alikuwa amevaa glovu moja moja za hospitali zilizokwisha kutumika, alizozifua.

Jumatatu, 18 Agosti. Muleba – Mwanza

Basi kutoka Muleba saa 1 asubuhi, kupitia Biharamulo, Chato na Geita. Kigongo hadi Busisi zamani ulikuwa unasubiri kivuko, saa moja, mbili, wakati mwingine zaidi ukiwa na mgonjwa ndani ya gari. Tangu Juni mwaka huu kuna daraja, kilomita 3 juu ya ziwa, tukalivuka kwa dakika chache. Abiria karibu wote walitoa simu kupiga picha. Mzee aliyekaa pembeni yangu alivua kofia.

Nyegezi niliingia duka la dawa la kwanza nililoliona, nikanunua boksi nne za glovu, mia mia, 14,000 kila moja. Nikazifunga kwenye lile blanketi la kibao na kamba yake ya katani, nikamkabidhi kondakta wa basi linalorudi Muleba asubuhi, 5,000. Mzigo ulifika. Shangazi alipiga simu kuuliza kwa nini nimetuma nyingi hivyo, kisha akasema kuna wawili wengine upande wa bondeni, zitakwisha.